Kete Mbili za Chambo: Juu ya Kuwataja Waliotufundisha Bao

Makala haya yana jambo moja la kusema, nalo nalisema mapema ili msomaji asilitafute: mwandishi anayechapisha elimu aliyoonyeshwa na mtu mwingine, bila kusema kwamba alionyeshwa, ameandika uwongo, hata kama kila neno la elimu hiyo ni kweli. Jambo hili ni la zamani, na katika mambo ya vitabu wengi wetu twalikubali. Lakini likija katika mambo ya baraza, kama vile mchezo wa bao, twajisamehe kwa urahisi. Mimi mwenyewe nilijisamehe, na makala haya, pamoja na kuwa ni uhakiki wa maandishi ya wengine, ni masahihisho ya kosa langu.

Yafaa kwanza kueleza kosa lenyewe lilihusu nini, maana pasipo kuufahamu mchezo, hoja haitashika. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili katika safu nne, na kete 64, aghalabu za komwe. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mchezo huanza kwa kuweka kete sita katika nyumba, ambayo katika safu ya mbele ni shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako. Kisha kete mbili katika shimo la sita, na mbili katika la saba. Zilizobaki, 22 kwa kila mtu, hushikwa mkononi ili kunamua, yaani kuziingiza moja moja.

Sasa tazama. Wachezaji wameelekeana, kwa hiyo kulia kwangu ni kushoto kwa mwenzangu. Nyumba yake yatazamana na shimo langu la nne, na mashimo yake mawili yenye kete mbili mbili yatazamana na la tatu na la pili. Mashimo yangu yenye kete ni la tano, la sita na la saba. Hapana shimo langu lenye kete lililokabili shimo lake lenye kete. Basi anayeanza hawezi kula, sharti atakase. Na kwa kuwa nyumba haitakaswi ikiwa kuna shimo jingine la mbele lenye kete, anazo njia nne tu: kuingiza kete katika shimo la sita au la saba, na kuzipeleka kushoto au kulia. Nasema haya kwa kufuata kanuni zilizochapishwa kutoka Unguja. Yamkini mahali pengine pana tofauti.

Katika njia hizo nne, mbili ni za kimya. Ukiingiza katika la sita au la saba ukaenda kulia, kete zako zaelekea kichwani na safu ya nyuma, wala hukumkabili mtu. Mwenzako naye itambidi atakase. Njia ya tatu, ya kuingiza katika la saba na kwenda kushoto, yaweka kete moja mbele ya nyumba yake. Njia ya nne ndiyo inayotuhusu. Ukiingiza kete katika la sita, zinakuwa tatu. Ukizipeleka kushoto, moja yaangukia nyumba yako, ya pili shimo la nne, ya tatu shimo la tatu. Hapo umeweka kete mbili, moja moja, mbele ya mwenzako bila ulinzi. Moja imekabili nyumba yake, nyingine imekabili shimo lake lenye kete mbili. Kanuni yamlazimisha kula, maana anayeweza kula haruhusiwi kutakasa. Ataila ipi?

Mtu asiyezoea ataila ile ya shimo la tatu, kwa sababu mkono huogopa kuigusa nyumba mapema. Akifanya hivyo, ile ya shimo la nne imebaki mbele ya nyumba yake, nami nikiingiza kete hapo nakula kete zote sita. Akiwa na busara, ataingiza kete nyumbani na kula ile ya nne. Hapo mimi nakula zile mbili kwa shimo la tatu. Kwa vyovyote nimetoa kete moja, nikapata mbili au sita. Bao haliishi hapo, na mwenzangu ana majibu yake. Lakini hiki ni chambo halisi: mtu anatoa kidogo kwa makusudi, na yule anayepokea hana hiari ya kukataa.

Wachezaji wa sataranji wanalo neno kwa mwanzo wa namna hii. Huuita gambiti, neno lililotoka Kitaliano, asili yake ni mtego wa miguu katika mieleka. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari Ulaya, nilisoma makala mbele ya mkutano wa wataalamu wa lugha juu ya istilahi za bao. Ili kuwafurahisha wasikilizaji nikawaonyesha mwanzo huu, nikaupa jina la Kiingereza la kutunga mwenyewe, nikasema ni katika «uchambuzi wangu». Makala yakachapishwa. Baadaye nikapokea andiko la kijana mmoja mwanafunzi, ambamo mwanzo ule unatajwa kwa lile jina nililolitunga, na mwenye kuuvumbua anatajwa kuwa mimi. Kijana huyo hakukosa. Alifanya kama alivyofundishwa: alitaja asili aliyoiona. Aliyekosa ni mimi, maana mwanzo ule nilionyeshwa Mbwara, katika nchi ya Rufiji, na mzee mmoja wa upande wa mama yangu, chini ya mwembe, nilipokuwa mvulana wa darasa la saba niliyeshindwa mara tatu mfululizo.

Kabla ya kurudi Mbwara, natazama kwanza jinsi wengine walivyolishughulikia jambo hili, maana si geni.

Katika historia ya sataranji kuna gambiti moja ya ajabu ambamo mwenye kete nyeupe humwachia adui farasi wake mzima ili apate kushambulia upesi. Kwa muda mrefu vitabu vimeiita gambiti ya Muzio. Muzio alikuwa nani? Si mvumbuzi wake, wala si yeye aliyeicheza. Habari zasema kwamba Alessandro Salvio, mwandishi wa sataranji wa Napoli katika karne ya 17, alipata habari ya mchezo huo kwa bwana aliyeitwa Muzio, na aliyeucheza ni mtu mwingine, Geronimo Cascio. Mwaka 1813 Mwingereza Jacob Sarratt akaieleza gambiti hiyo kwa Kiingereza, akaielewa vibaya habari ile, akampa Muzio jina. Na kabla ya wote hao, mwishoni mwa karne ya 16, Giulio Cesare Polerio alikuwa amekwisha kuichambua. Basi mpeleka habari akawa mwenye mali, mchezaji akasahauliwa, na mchambuzi wa kwanza akangoja wanahistoria wamfukue.

Linganisha na gambiti ya Evans. Nahodha William Davies Evans, mtu wa Wales, aliibuni katika miaka ya 1820. Uchambuzi wake ukachapishwa na mtu mwingine, William Lewis, mwaka 1832. Hata hivyo jina likabaki la nahodha, ingawa hakuwa mwandishi wa kitabu. Hivyo hatuwezi kusema kwamba kalamu sharti impokonye mchezaji. Humpokonya pale tu anayeishika asipojali.

Kwetu pwani tunayo mifano iliyo karibu zaidi. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la Carl Velten. Sehemu kubwa ya kitabu hicho iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufa huko mwaka 1927. Vizazi vya wanafunzi vilisema «Velten anasema» hali Velten hakusema. Aliyesema ni Mtoro na wenziwe. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa mwaka 1981, ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu. Kutoka 1903 hadi 1981 ni miaka 78. Mtoro hakuiona haki yake.

Mfano wa pili ni mwema zaidi, na wahusu bao lenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yalitufikia kwa mikono mingi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyahifadhi na kuyakusanya, mmisionari W. E. Taylor akayaandika pamoja naye. William Hichens akayachapisha Johannesburg mwaka 1940. Na Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akayatolea kitabu chenye maelezo mwaka 1979. Katika mashairi hayo limo linalotumia lugha ya bao, na mwaka 2003 Dakta Alex de Voogt alilitumia kama ushahidi wa historia ya mchezo huu. Tazama mnyororo ulivyo mrefu, na tazama ya kuwa jina la Mwalimu Sikujua halikupotea. Kwa sababu hiyo twaweza kuuliza maswali ya maana: Je, neno hili ni la Muyaka au la kumbukumbu ya Mwalimu? Lahaja hii ni ya mtunzi au ya mkusanyaji? Mahali ambapo mkusanyaji amefutwa, maswali hayo hayaulizwi, na uchunguzi hupungukiwa.

Dakta de Voogt huyo huyo ndiye aliyeandika tasnifu ya Leiden ya mwaka 1995 juu ya umahiri wa mabingwa wa bao, kazi iliyotegemea wachezaji wa Unguja na akili zao. Ni kazi ya heshima, na kanuni za mchezo alizoziandika zimekuwa msingi wa kazi nyingine, hata ya wataalamu wa kompyuta wa Maastricht waliochapisha mwaka 2002 juu ya kuifundisha mashine kucheza bao. Wala simlaumu yeye. Nasema tu kwamba hapa ndipo penye hatari. Mabingwa walimwonyesha mwandishi, mwandishi akaandika, wa tatu akamtaja mwandishi, wa nne atamtaja wa tatu. Kila mmoja ametaja asili yake kwa uaminifu, na bado mwisho wa safari mabingwa hawamo. Kwa hiyo haitoshi kutaja kitabu ulichokisoma. Pale kitabu kinapotegemea vinywa vya watu, sharti useme hivyo, hata kama wewe hukuwaona watu hao.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa.

Ya kwanza ni kwamba bao ni mali ya wote, kama methali. Hakuna mwenye kulimiliki, na kwa hiyo hakuna wa kutajwa. Jibu langu ni kwamba pingamizi hiyo yachanganya vitu viwili. Kanuni za bao ni za wote. Kusema kwamba nyumba huanza na kete sita hakuhitaji shahidi. Lakini kujua ni kete gani ya kumpa mwenzako ili aione kuwa ni neema, hiyo ni elimu, na elimu humfikia mtu kwa njia fulani. Methali nayo, ingawa ni ya wote, mchunguzi mwema huandika aliisikia wapi, kwa nani, na ilitumiwa kwa maana gani. Asipofanya hivyo twasema kazi yake haina thamani kwa sayansi ya lugha. Mbona bao liwe duni kuliko methali?

Ya pili ni ngumu zaidi, nami nilijitetea nayo kwa muda. Nimeonyesha hapo juu kwamba mwanzo wa bao una njia nne tu. Mtu yeyote mwenye karatasi na subira angeweza kuzihesabu na kukiona chambo bila kuambiwa na mtu. Je, hesabu ina mwenyewe? Haina. Lakini mimi sikuihesabu. Nilionyeshwa kwanza, nikahesabu miaka mingi baadaye ili kuthibitisha nilichokwisha kukijua. Nilipoandika «uchambuzi wangu» nilimwambia msomaji kwamba nilifika kwa njia ambayo sikuipitia. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba kutaja asili hakufanani na kugawa mali ya urithi, kila mtu apewe fungu lake. Ni kusema kweli jinsi ulivyojua. Wenye elimu ya hadithi walilifahamu hili zamani, wakaiita isnadi: maneno pasipo mnyororo wa waliyoyapokea, hata yakiwa mazuri, hayana pa kusimama. Na watunzi wetu wa tendi walizoea kuacha mwishoni alama ya jina, au tarehe, au hesabu ya beti, ili anayenakili asipoteze.

Baada ya kulipata andiko la yule kijana nilishuka Kibiti, nikaendelea hadi Mbwara, nikiwa na nakala ya makala yangu mfukoni. Mzee yu hai, ingawa macho yamedhoofu na kete anazitambua kwa vidole. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamweleza kosa langu kwa Kiswahili chepesi, maana lugha ya makala yale haikumhusu. Nikamwomba ruhusa ya kuandika jina lake mahali pa langu.

Akaniuliza, «Hao Wazungu wanalicheza?»

Nikasema, «Wachache, babu. Wengine wanalihesabu tu.»

Akacheka. Nikamsimulia habari ya Bwana Muzio. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, «Sasa mwanangu, umekuja kunifanya mimi kuwa Muzio.»

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba mwanzo ule hakuutoa kichwani mwake. Alionyeshwa ujanani na mtu aliyekuja Delta kukata boriti za mikoko, mtu wa kupita, ambaye jina lake la nyumbani hakulijua vema hata siku zile, maana wakata boriti waliitana kwa majina ya utani. Yule naye hakusema kauleta kutoka wapi. «Ukiliandika jina langu,» akasema, «watoto watakaosoma watasema ni wangu. Nami nitakuwa nimekula kete ya mtu aliyekufa.»

Nikamwuliza, «Basi niandike nini, babu?»

Akasema, «Andika kama nilivyokuambia.»

Nakiri kwamba nilisafiri nikidhani nakwenda kutenda haki, kumbe nilikuwa tayari kutenda kosa la Sarratt kwa mara ya pili, safari hii kwa nia njema. Nilitaka jina moja ili nifute jina moja. Mzee alinifundisha kwamba ukweli wa mambo haya mara nyingi hauna jina moja, na kwamba kazi ya mchunguzi ni kuuandika mnyororo ulivyo, pamoja na pale ulipokatika. Wachezaji wa sataranji nao wamepata kulitambua jambo hili, kwa njia yao: iko gambiti ya weusi, ya hatari na isiyochezwa sana, iliyoitwa zamani kwa jina la Gioachino Greco wa Italia, ambayo sasa huitwa gambiti ya Latvia kwa heshima ya wachezaji wa Riga, Karlis Betins miongoni mwao, walioichunguza kwa miaka mingi. Wakati mwingine nchi ndiyo shahidi mwema kuliko mtu.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu wanaoandika juu ya michezo, nyimbo, istilahi za kazi, na elimu nyingine za baraza, mambo manne, nami naanza nayo mwenyewe. Kwanza, mwandishi aseme wazi alionyeshwa wapi, lini, na nani, ikiwa mwenyewe ameridhia kutajwa. Pili, amwulize mwenye kumfundisha yeye alifundishwa na nani, na jibu aliandike, hata likiwa «sijui». Tatu, atenge alichoongeza yeye na alichokipokea, ili msomaji asichanganye. Nne, atumie majina ya vitu yanayotumiwa na wachezaji. Kama kitu hakina jina, aseme hakina jina, asilitunge kisha akaliuza kama la kienyeji. Wengi wetu twafahamu kutoka kazi ya kamusi jinsi neno la kutunga likiingia mara moja linavyokaa miaka hamsini. Mtu akikuta katika kamusi kwamba mtaji ni fedha za kuanzia biashara, bila kuelezwa kwamba kwa mcheza bao ni mwendo wa kula, atajua nusu ya neno tu. Lakini akikuta neno ambalo hakuna mchezaji aliyelitamka kamwe, hata hiyo nusu hana.

Na sasa nasahihisha. Mwanzo wa bao niliouchapisha kama uchambuzi wangu, wa kuingiza kete katika shimo la sita na kuzipeleka kushoto ili kumpa mwenzako kete mbili za chambo, nilionyeshwa Mbwara, Rufiji, na mzee asiyependa kutajwa. Yeye alionyeshwa na mkata boriti wa Delta. Na kabla ya hapo sijui. Kilicho changu ni hesabu ya njia nne iliyomo katika makala haya. Lile jina la Kiingereza nililoutungia naomba wasomaji waliache. Kule nilikoonyeshwa hauna jina. Nimekwisha kumwandikia yule kijana maneno haya haya, naye amejibu kwamba atarekebisha.

Ikiwa yuko msomaji wa Kilwa, au Mafia, au Unguja, au Lamu, aliyeonyeshwa mwanzo huu na mtu mwingine, na kwa jina jingine, namwomba atuletee habari, pamoja na jina la aliyemwonyesha, kama ameridhia. Huenda yule mkata boriti akapata wa kumtangulia.